Maji yaliyotolewa bombani: kisa cha mtaa wa Augustenborg

Kila mvua kubwa ilipoupiga mji wa Malmö, kusini mwa Uswidi, katika miaka ya 1990, wapangaji wa Augustenborg hawakuhangaika na paa. Walishuka chini. Majengo ya ghorofa ya nchi hiyo aghalabu huwa na vyumba chini ya ardhi, na huko ndiko watu wanakoweka baiskeli, nguo za baridi, makochi ya zamani na masanduku ya vitu wasivyotaka kuvitupa. Katika mtaa huu maji yalipanda yenyewe kutoka kwenye matundu ya sakafu, yakajaa stoo na gereji za chini. Tena hayakuwa maji ya mvua matupu. Yalichanganyika na ya chooni.

Chanzo kilikuwa bomba moja. Mtaa ulipojengwa, maji ya mvua na maji taka yalipewa njia ya pamoja chini ya ardhi, kama ilivyokuwa desturi ya miji mingi ya Ulaya. Siku ya jua bomba hilo linatosha kabisa. Mvua ikishuka kwa nguvu, kila paa, kila barabara ya lami na kila eneo la kuegesha magari vinamimina humo kwa wakati mmoja, bomba linafurika, na maji yanarudi yalikotoka, yaani nyumbani kwa watu. Mtambo wa kusafishia maji taka nao unazidiwa, na ziada inaachiwa vijitoni bila kusafishwa.

Naanza na bomba hili kwa makusudi. Augustenborg imeelezwa mara nyingi kwa picha za mapaa yaliyoota majani, na picha hizo ni nzuri kweli. Lakini kwangu mimi kisa hiki kinahusu kosa lililofichwa ardhini, watu waliokuwa wakililipia kila mwaka, na uamuzi wa kulitoa hadharani mahali ambapo kila mkazi angeweza kuliona, kulijadili na kushika koleo.

Mtaa uliokuwa fahari

Augustenborg ulijengwa kati ya 1948 na 1952 na MKB, kampuni ya nyumba inayomilikiwa na manispaa ya Malmö, iliyoanzishwa 1946. Uswidi ya wakati huo ilikuwa ikijenga kile walichokiita folkhemmet, nchi iliyo kama nyumba moja ambamo hakuna mtoto wa kambo. Mwanasiasa Per Albin Hansson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, ndiye aliyelitia neno hilo vinywani mwa watu kwa hotuba yake ya 1928. Nyumba bora kwa mfanyakazi wa kawaida ilikuwa sehemu kubwa ya ahadi hiyo. Mtaa ulipata nyumba 1,800 hivi katika eneo la hekta 32: majengo ya ghorofa chache, miti na majani katikati, uwanja wa maduka, shule, na mtambo mmoja wa kupasha joto nyumba zote. Kwa familia zilizotoka kwenye vyumba vya kubanana mjini, kupewa ufunguo hapo kulikuwa kupanda daraja.

Fahari hiyo haikudumu miaka 30. Kufikia miaka ya 1970 mji ulikuwa umejenga nyumba mpya zenye vyumba vikubwa zaidi, na waliokuwa na uwezo wakahama. Unyevu ukaanza kutafuna kuta. Kisha uchumi wa mji ukaanguka. Malmö ilikuwa ikiishi kwa viwanda, na kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kile cha meli cha Kockums, kiliacha kuunda meli za biashara katika miaka ya 1980. Winchi yake kubwa, iliyokuwa ikionekana kutoka kila pembe ya mji, ilifunguliwa vipande na kupelekwa Korea Kusini mwaka 2002. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdororo wa uchumi wa nchi nzima ukaja juu ya jeraha hilo, na maelfu ya watu wa Malmö wakapoteza kazi. Nyumba zilizoachwa Augustenborg zikachukuliwa na waliofika mjini bila kitu, wengi wao wahamiaji na wakimbizi.

Watu wakawa wanaingia na kutoka, na jambo hilo huwa halipewi uzito wake katika hesabu za mipango miji. Mpangaji akikaa mwaka mmoja akaondoka, malalamiko yake yanaondoka naye. Anayemfuata anaanza upya, anajifunza upya kwamba stoo ya chini hujaa maji, anapeleka barua yake ofisini, naye anahama. Kosa la miaka 40 linaonekana kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Mtaa ambao watu wake hawakai hauna kumbukumbu, na pasipo kumbukumbu hakuna wa kudai.

Waliokutana

Mwaka 1997 yalianza mazungumzo kuhusu hatima ya eneo la viwanda na karakana za manispaa lililokuwa jirani na mtaa. Peter Lindhqvist wa Idara ya Huduma ya jiji alitaka pageuzwe kuwa eneo la kazi linalotunza mazingira. Mazungumzo yakamkutanisha na Bertil Nilsson, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa, na Christer Sandgren wa MKB. Wakaona ni upotevu kutengeneza karakana na kuiacha mitaa ya watu ikizama ng'ambo ya barabara. Mwaka 1998 mradi ukapewa jina, Ekostaden Augustenborg, yaani mji wa ikolojia, na msimamizi akaajiriwa, Trevor Graham.

Mkutano wa watu hawa watatu una maana yake. Idara ya Huduma ilikuwa na karakana, mafundi na mapaa makubwa. Kampuni ya nyumba ilikuwa na majengo na pesa za kodi. Mwalimu mkuu alikuwa na kitu ambacho ofisi zile mbili hazikuwa nacho: aliwajua wazazi, naye alijulikana nao. Katika mtaa wenye lugha nyingi na wageni wengi, shule ndiyo mlango ambao karibu kila familia huupita. Miradi mingi ya kufufua mitaa huanza kwa kuajiri mtaalamu wa kushirikisha jamii kutoka nje, ambaye miezi sita ya kwanza huishia kutafuta nani anamjua nani. Hapa kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa na mtu aliyekuwa akipokea watoto langoni kila asubuhi.

Pesa hazikuwa ndogo. Kazi zote zilikadiriwa kugharimu krona milioni 200 hivi za Uswidi. Karibu nusu ilitoka MKB yenyewe, na iliyobaki ikatoka jijini, katika mpango wa serikali wa kugharimia miradi ya mazingira katika manispaa, na katika mifuko miwili ya Umoja wa Ulaya, LIFE na URBAN. Mchango huo wa MKB ni wa kuangaliwa. Mwenye nyumba alitoa mfukoni mwake karibu nusu ya gharama, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutaka mradi udumu baada ya wafadhili kufunga mafaili.

Uamuzi mwingine haukuandikwa kwenye mabango: mtaa haukuvunjwa. Majengo ya miaka ya 1950 yalikarabatiwa yakiwa mahali pake na watu wakiwa ndani yake. Ulaya nzima, wakati ule na hata sasa, mitaa ya aina hii hubomolewa kwa hoja kwamba imechakaa, na waliokuwa wakiishi humo hutawanyishwa. Ukishawatawanya watu huwezi tena kusema umefufua mtaa wao. Umejenga mwingine, kwenye kiwanja chao.

Maji yakaitwa juu

Njia ya kawaida ya kumaliza mafuriko ingekuwa kuchimba na kulaza bomba la pili, kubwa zaidi, la maji ya mvua peke yake. Ni kazi ya wahandisi na mitambo. Mpangaji angeona barabara imefukuliwa, baadaye imefukiwa, basi. Na bomba lile kubwa lingepeleka maji yote kwa kasi zaidi kwenye mtaa wa chini yake au kijitoni, ambako nako kulikuwa kumeshazidiwa.

Augustenborg walifanya kinyume. Waliyaondoa maji ya mvua kutoka bombani, wakayapitisha juu ya ardhi, na wakayachelewesha. Kuchelewesha ndilo neno la kushika katika kisa hiki. Mafuriko mara nyingi hutokea kwa sababu maji yote yamefika mahali pamoja kwa dakika zile zile. Ukiyatawanya na kuyapotezea muda, yale yale yanapita salama.

Basi bomba la kushusha maji ya paa, lililokuwa likiingia moja kwa moja ardhini, likakatwa juu kidogo ya usawa wa ardhi, na maji yakamwagwa kwenye mfereji wazi wa zege. Mfereji unapita kando ya njia ya miguu, unaingia kwenye mtaro wenye majani, mtaro unaishia kwenye bwawa, na bwawa likijaa linaachia taratibu kwenda bwawa la pili. Njiani mimea inakunywa, ardhi inafyonza, jua na upepo vinachukua sehemu yao. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye mfumo wa mabomba, polepole, saa kadhaa baada ya mvua. Mitaro na mifereji yote ina urefu wa kilomita 6 hivi, na mabwawa ya kutunzia maji ni 10. Kwa mujibu wa mradi, asilimia 90 ya maji ya mvua yanayotoka kwenye mapaa na sehemu ngumu za mtaa huingia katika njia hii ya wazi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko shuleni. Uwanja wa shule una eneo lililozama lenye ngazi za kukalia, kama ukumbi mdogo wa maonyesho. Siku kavu, watoto wanakaa pale kusikiliza somo au kucheza. Siku ya mvua kubwa panageuka bwawa, na maji yanasubiri humo hadi yale ya mferejini yapungue. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili, na mtoto wa miaka minane anaweza kukueleza jinsi kinavyofanya kazi. Bomba la chini ya ardhi halijawahi kumfundisha mtoto yeyote jambo lolote.

Mapaa yalifuata. Mapaa 30 hivi ya mtaa, mengine ya vibanda vya kutenganishia taka, yalifunikwa kwa mimea ya jamii ya sedumu, ambayo majani yake ni manene na huvumilia ukame na baridi ikiwa kwenye udongo wa unene wa sentimita chache tu. Paa la namna hii hubakiza karibu nusu ya mvua ya mwaka mzima, ambayo hurudi hewani bila kugusa mfereji. Juu ya karakana za zamani za manispaa, zile zile zilizoanzisha mazungumzo ya 1997, ilijengwa bustani ya mimea ya juu ya paa yenye ukubwa wa mita za mraba 9,500, ikafunguliwa mwaka 2001. Inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani, na watafiti huitumia kupima ni mmea upi, kwenye udongo upi, unaohimili nini.

Mkutano, halafu mchoro kubadilika

Neno ushirikishwaji limechoshwa. Limetumika kwa mikutano ambayo watu huitwa, hunywa soda, husikiliza kilichokwisha kuamuliwa na kupigwa picha wakiwa wamenyanyua mikono. Ndiyo maana katika kisa chochote cha aina hii mimi hutafuta jambo moja tu kabla ya mengine: je, kuna kitu kwenye mchoro kilichobadilika kwa sababu mkazi alikataa?

Augustenborg kipo. Wazazi waliposikia kwamba maji yatapita wazi mbele ya milango na kwamba kutakuwa na mabwawa kati ya majengo, waliogopa watoto kuzama. Si hofu ya kupuuzwa, na wala si hofu ya watu wasiojua faida za mazingira. Wengine walilalamika kwamba mabwawa na mitaro vingekula nafasi ya kutembea na kuchezea. Wataalamu walirudi na michoro: kina kikafanywa kifupi, kingo zikalazwa, mifereji ikasogezwa kulinda njia za watu na miti mikubwa iliyokuwa imekua tangu mtaa ujengwe. Kulikuwa pia na vizuizi ambavyo mkazi hakuvianzisha, kama nyaya na mabomba ya zamani ardhini na ulazima wa kuacha nafasi kwa magari ya zimamoto. Ukitazama mtaa leo na kushangaa kwa nini mtaro umekunja kona mahali pasipo na sababu, mara nyingi jibu ni mti wa mtu au hoja ya mtu.

Mikutano haikuwa ya ukumbini peke yake. Kulikuwa na warsha za kuchora, na kulikuwa na mazungumzo ya kawaida pembeni mwa michezo na sherehe za mtaa, pale ambapo mtu asiyependa kusimama mbele ya kipaza sauti husema anachofikiri. Wanafunzi walipewa kazi ya kweli: walishiriki kupanga bustani ya miti ya matunda, bwawa la maji ya mvua ambalo wakati wa baridi hugeuka kuwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na uwanja wa kuchezea wenye vyombo vya kutoa muziki.

Yupo pia mpangaji mmoja. Hakuwa mhandisi wa maji, alikuwa mpenzi tu wa maji na mwendo wake. Alikuja na mawazo yake kuhusu jinsi mifereji iundwe, na badala ya kushukuriwa na kurudishwa kwenye kiti chake, akakaribishwa kwenye meza ya usanifu. Alisaidia kubuni mfumo wa maji ya wazi, na baadaye akaanzisha kampuni, Watreco, inayofanya kazi za maji. Mradi ulizaa mengine mawili pia: taasisi ya mapaa ya mimea iliyo kwenye zile karakana, na chama cha kutumia magari kwa zamu. Lakini kisa cha mpangaji huyu kina uzito wake peke yake. Ujuzi ulikuwepo mtaani muda wote, umelala ghorofa ya tatu, na ofisi haikuwahi kuuliza.

Sasa tuwe wakweli kuhusu idadi. Inakadiriwa kwamba mpangaji mmoja kati ya watano alishiriki katika mikutano ya majadiliano. Wapo watakaosoma hapo wakaona wanne hawakuja. Mimi naona ni wengi kwa mtaa uliokuwa umevunjika moyo, lakini sikubali maneno ya jumla kwamba wakazi waliamua. Sehemu ya wakazi iliamua, na nyingine iliishi na matokeo. Kilichookoa jambo ni kwamba matokeo yenyewe yalikuwa wazi kutazamwa. Aliyekosa mkutano wa 1999 bado aliweza, mwaka 2003, kuona mtaro umeziba na kumpigia simu anayehusika. Ushiriki uliendelea bila kuitisha kikao.

Yaliyokwama

Mabwawa yalipata mwani wakati wa joto, maji yakawa ya kijani na mazito, na waliokuwa na shaka tangu mwanzo wakapata la kusema. Ilibidi kurekebisha. Mtaa ulipewa pia kigari cha umeme cha kupita mitaani, kilichoitwa Mstari wa Kijani, kikapendwa na wazee hasa, lakini hakikudumu. Kutenganisha taka kulifanikiwa kwa kiasi, si kwa kiwango kilichoandikwa kwenye malengo.

Nikiyaweka haya kando ya mitaro naona tofauti moja. Mtaro ukishachimbwa, mvua inaufanyia kazi bila mshahara. Kigari kinahitaji dereva, vipuri na kampuni inayokiunda isifilisike. Vilivyotegemea uzito wa maji na mwelekeo wa ardhi vimebaki, na vilivyotegemea mkataba viliyumba.

Kuna na hesabu za kijamii, na hapa ndipo naomba msomaji awe mwangalifu. Taarifa za mradi zinasema ukosefu wa ajira ulishuka kutoka asilimia 30 hadi 6, waliojitokeza kupiga kura walipanda kutoka asilimia 54 hadi 79, kuhama kwa wapangaji kulipungua kwa asilimia 20, na aina za viumbe na mimea ziliongezeka kwa asilimia 50. Sina ugomvi na viumbe: ukiweka bwawa mahali palipokuwa na lami, vyura, wadudu na ndege watakuja wenyewe. Lakini ajira ni jambo jingine. Miaka ile ile Malmö yenyewe ilikuwa ikiinuka. Chuo kikuu kipya kilifunguliwa 1998, daraja la Öresund la kwenda Copenhagen likafunguliwa 2000, na kazi zikaanza kupatikana ng'ambo ya bahari. Kuupa mtaro sifa ya kumpatia mtu ajira ni kuubebesha usichouweza. Kwamba wanaohama walipungua, hilo naweza kuliamini, kwa sababu mtu haondoki kirahisi mahali ambapo stoo yake haijai tena maji ya choo.

Baada ya muda umaskini wa eneo hilo haukutoweka. Augustenborg bado ni mtaa wa watu wa kipato kidogo kwa viwango vya Uswidi. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa kushindwa. Mimi nalitazama kwa upande wa pili: ukarabati wa gharama kubwa ulifanyika, mtaa ukajulikana duniani, ukapata Tuzo ya Dunia ya Makazi mwaka 2010, na watu wa kipato kidogo bado wanaishi humo.

Linganisha na Västra Hamnen, bandari ya magharibi ya mji ule ule, ambako mwaka 2001 yalifanyika maonyesho makubwa ya nyumba yaliyoitwa Bo01. Pale nako maji ya mvua hupita wazi, tena kwa uzuri wa kupigiwa picha, na nishati yake ilisifiwa kote. Lakini ilikuwa ardhi tupu ya viwanda, nyumba zikajengwa mpya, na waliohamia ni wenye fedha. Wageni wa kimataifa huanza ziara zao huko. Laiti wangeanzia Augustenborg, kwa sababu miji mingi haina bandari tupu ya kujenga upya. Ina mitaa mikuukuu yenye watu ndani.

Tarehe 31 Agosti 2014

Mtihani ulikuja siku ya Jumapili. Mvua ambayo Malmö haikuwahi kuipima ilimwagika tangu asubuhi, karibu milimita 100 ndani ya saa chache. Kwa kipimo cha mji huo, ambao hupata milimita 600 hivi kwa mwaka mzima, ni kama mvua ya miezi miwili imeamua kushuka kabla ya chakula cha mchana. Barabara za chini ya madaraja zikawa mito, magari yakaachwa, vyumba vya chini vikajaa mji mzima.

Mitaro ya Augustenborg haikuundwa kwa mvua ya kiasi hicho. Iliundwa kwa mvua kubwa ya kawaida, ile inayotarajiwa mara moja katika miaka 15 hivi. Hata hivyo mtaa ulipona kuliko majirani zake. Watafiti waliochambua madai ya bima baada ya mafuriko hayo walikuta madai ya Augustenborg ni machache mno yakilinganishwa na ya mitaa jirani ambayo bado inategemea bomba la pamoja. Mabwawa yalijaa, majani yakafunikwa na maji, uwanja wa shule ukawa ziwa, na huko ndiko maji yalikotakiwa kuwa.

Jambo moja la kihandisi linaeleza kupona huko. Bomba likizidiwa linashindwa ghafla, na linashindwa kwa kurudisha maji taka ndani ya nyumba. Mtaro wa wazi ukizidiwa unafurika juu ya majani, mbele ya macho ya watu, na mtu ana muda wa kuhamisha baiskeli. Tofauti iko katika namna ya kushindwa, na wapangaji wa Augustenborg wa miaka ya 1990 wangekueleza tofauti hiyo bila kuhitaji mchoro.

Mwaka 2016 MKB ilikamilisha katika mtaa huo jengo jipya la ghorofa 14, Greenhouse, lenye matumizi madogo ya nishati na roshani za kulimia mboga. Ni jengo zuri, lakini halinisumbui akili kama suala la matunzo ya kila siku. Mitaro huziba kwa majani kila msimu wa kupukutika. Udongo hujikusanya kwenye mabwawa na kupunguza nafasi ya maji. Mwani hurudi. Watunzaji wa MKB wanajua pa kupita na reki, ila mfumo huu ulibuniwa ukitegemea pia jicho la anayeishi hapo, na waliokaa kwenye warsha za 1998 wengi wameshazeeka au wameondoka. Anayehamia leo anakuta mfereji wa zege unapita mbele ya mlango wake, mkavu siku nyingi za mwaka, na hakuna aliyemwambia ni wa nini. Anaweza kuweka sanduku la maua juu yake. Shule imeendelea kuwafundisha watoto njia ya maji, na mara nyingi ni mtoto anayemweleza mama yake kwa nini sanduku lile lazima lisogezwe.